Mwacheni Mama Abebe Ndoo Yake

Mama akifika miaka 55, watoto wakishapata kazi, mashindano ya kumpenda huanza. Mmoja anamletea dada wa kazi. Mwingine anamnunulia kochi la kuegemea. Wa tatu, aliye Muscat au Minnesota, anatuma chupa ya vidonge vya mafuta ya samaki. "Mama, umetutumikia vya kutosha. Sasa kaa." Naye mama, kwa kuwaridhisha wanawe, anakaa. Nasema kwa heshima zote: katika zawadi zote hizo, ya kuogopwa ni kochi.

Mfupa ni kitu hai. Usiku na mchana zimo ndani yake seli zinazobomoa sehemu iliyochakaa na nyingine zinazojenga upya, kama mafundi wa zamu mbili kwenye nyumba moja. Ujanani wajenzi wanatangulia, na kufikia miaka 30 hivi mfupa umeshapata unene wake wote. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hushuka, na wabomoaji hushika usukani. Mifupa hukonda hivyo bila kuuma hata kidogo. Mama hajui lolote mpaka ateleze bafuni nyonga ivunjike, au pingili za mgongo zibonyee moja baada ya nyingine, afupike na kuinama, nasi tuseme ni uzee. Wakati mwingine mgongo ule ulioinama ni mifupa iliyovunjika kimya kimya. Tuache kuukubali kama zawadi ya miaka!

Na zile chupa za mafuta? Matumaini yake hayakutoka hewani. Asidi za mafuta za omega-3 hutuliza uvimbe wa ndani ya mwili, na uvimbe huo ni mmoja wa wachochezi wa seli zinazobomoa mfupa. Mwaka 1998 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha matokeo ya wanawake 65 wenye umri wa karibu miaka 80. Wote walipewa kalsiamu, kisha kundi moja likapewa mafuta yenye asidi hizo pamoja na nyingine iitwayo GLA, na jingine mafuta ya nazi kwa ajili ya kulinganisha. Baada ya miezi 18, unene wa mifupa ya mgongo ya waliopewa asidi hizo ulibaki ulivyokuwa. Wale wa nazi walipoteza asilimia 3.2 ya unene huo. Habari njema, lakini wanawake 65 ni wachache mno kuamulia jambo zito hivi.

Ulipokuja utafiti mkubwa, jibu lilikuwa jingine. DO-HEALTH ulifuatilia watu 2,157 wa miaka 70 na kuendelea katika Uswisi, Ujerumani, Austria, Ufaransa na Ureno kwa miaka mitatu. Gramu moja ya omega-3 kila siku, vitamini D, mazoezi mepesi ya nyumbani: matokeo yaliyotangazwa mwaka 2020 hayakuonyesha kwamba lolote kati ya hayo lilipunguza kuvunjika mifupa kwa kiasi cha kutegemewa.

Hapo wengi hukata tamaa. Mimi hapo ndipo napata nguvu, kwa sababu ya neno "mepesi". Mfupa hujengwa pale unapolemewa. Huko Gold Coast, Australia, wanawake 101 waliopita miaka 58, wote mifupa yao imeshakonda, waliingia katika utafiti uitwao LIFTMOR. Takriban nusu yao walifanya mazoezi madogo madogo nyumbani. Wengine walifundishwa kunyanyua chuma kizito kutoka sakafuni, kukisukuma juu ya kichwa, kuchuchumaa nacho mabegani, na kuruka wakatua kwa kishindo. Dakika 30 tu, mara mbili kwa wiki, kwa miezi minane. Unene wa mifupa ya mgongo ya hao waliobeba uzito uliongezeka asilimia 2.9, wa wenzao ulipungua asilimia 1.2. Mabibi wenye wajukuu, wamebeba chuma, na mfupa umeitikia!

Basi mama yangu, ondoka kwenye kochi. Wewe uliyebeba ndoo ya lita 20 kichwani na mtoto mgongoni, hakuna wa kukufundisha uzito ni nini. Anza na dumu la lita tano: kunja magoti, mgongo ubaki wima, nyanyua. Wiki kadhaa zijazo ongeza. Panda ngazi kwa miguu. Kama umeshavunjika mfupa, au umefupika, au unatumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, usianze peke yako. Omba kipimo cha unene wa mfupa kiitwacho DEXA kwenye hospitali iliyo nacho, na umwone mtaalamu wa fiziotherapia. Wanawake wa Gold Coast nao walisimamiwa kila walipofanya mazoezi.

Mafuta ya samaki yaingie kwa mlango wa jikoni. Dagaa wa Mwanza, wa Kigoma, ama omena wa Kisumu huliwa pamoja na mifupa yao, kwa hiyo sahani moja inakupa kalsiamu, protini na omega-3. Pwani kuna kibua. Ongeza maziwa ya mgando na sukuma wiki, ambayo kalsiamu yake mwili huipokea vizuri kuliko ya mchicha. Pesa ya chupa moja ya vidonge inanunua dagaa wengi.

Ukiwa nayo tayari hiyo chupa, mweleze daktari, hasa kama unatumia warfarini ya kuzuia damu kuganda. Soma lebo pia: mafuta ya ini la samaki yana vitamini A, na vitamini A ikizidi hudhoofisha mfupa, kwa hiyo usiyanywe maradufu ukidhani unajikinga. Na muuzaji yeyote wa virutubisho atakayekuambia uache dawa ya mifupa uliyoandikiwa hospitalini, mwonyeshe mlango.

Nanyi watoto, endeleeni kumpenda, ila badilisheni zawadi. Mnunulieni viatu visivyoteleza, bafuni wekeni vyuma vya kushikilia, mlipieni fiziotherapia, na jioni mkatembee naye mlimani. Mabinti wa miaka 15 na 20, akiba yenu bado inawekwa: ingieni uwanjani kwenye netiboli, rukeni kamba, kunyweni maziwa, na leo jioni mkateke maji pamoja na mama.