Damu Hii ni Juu ya Nani?

Mtu agongwapo na gari akivuka Barabara ya Thika, upesi twasema, "Amejitakia, mbona hakupita darajani?" Lakini Kumbukumbu la Torati 22:8 yamwagiza ajengaye nyumba aweke ukingo darini, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Torati haimwulizi aliyeanguka kama alikuwa mwangalifu, yamwuliza mjenzi. Nairobi ilifunguliwa barabara hiyo ya njia nane mwaka 2012, hali safari karibu 4 katika kila 10 jijini ni za miguu. Mama wa Githurai mwenye gunia la mboga mgongoni (nasi wenye magari twampigia honi!) hakuichora ramani. Basi tukiisha kuwaombea majeruhi, tuwaandikie wenye mamlaka ya barabara, tudai vivuko palipo na vituo vya matatu.