Unasikiliza Vipi?

Somo: Marko 4:24, Luka 8:18, 2 Wafalme 3:9–20

Fungua Biblia yako, na kama umeibeba kwa simu, fungua simu. Leo hatugombani na simu.

Katika Marko 4:24 Bwana anatuonya tuangalie ni kitu gani tunachosikia. Katika Luka 8:18, kwenye mafundisho yaleyale yanayofuata mfano wa mpanzi, onyo ni juu ya namna tunavyosikia. Weka kidole kwa hizo aya mbili. Moja inauliza nini. Nyingine inauliza vipi. Sisi swali la kwanza tunalijua kabisa. Tumehubiri juu ya nyimbo chafu na vipindi vichafu mpaka mtoto wa shule ya Jumapili anaweza kushika maikrofoni akatuhubiria. La pili tumelipita mbio, na ndilo nataka tukae nalo, kwa msaada wa kitu ambacho vijana wetu wanakipenda na wazazi wengi hapa hawakijui: podikasti za muziki.

Najua kuna mzee ameshaanza kunitazama vibaya. Nivumilie, mzee wangu.

Podikasti ni kipindi cha sauti ambacho hakikungoji redioni saa fulani. Kinakaa pale, kinakusubiri wewe. Jina lenyewe si la zamani, lilionekana kwenye gazeti la The Guardian la Uingereza mwaka 2004, likiunganisha iPod, kile kifaa cha Apple cha kusikilizia muziki, na neno la Kiingereza la utangazaji. Unajiandikisha mara moja, na kila kipindi kipya kikitoka kinaingia kwa simu yako. Ukikipakua ukiwa mahali penye Wi-Fi, utakisikiliza kwa matatu bila kula data hata kidogo. Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo nikipewa kitu cha bure huwa nauliza nani analipa. Jibu: mara nyingi ni matangazo, na wakati mwingine ni wasikilizaji wenyewe wanaochanga kidogo kidogo kila mwezi. Lakini wewe pia unalipa, hata kama hutoi shilingi. Darasani tulifundishwa kwamba saa moja uliyoitumia hapa ni saa moja ambayo hukuitumia kule. Kwa hivyo kama unatoa saa, hakikisha umenunua kitu.

Sasa, podikasti za muziki zipo za kila aina. Ziko zile za watu wawili kucheka na kusengenya wasanii, nani ameachana na nani. Hizo mimi hazinisaidii na sidhani zitakusaidia. Lakini iko moja inaitwa Song Exploder, ilianza mwaka 2014, na aliyeianzisha ni mwanamuziki wa Marekani anayeitwa Hrishikesh Hirway. Anamwita msanii, wanachukua wimbo mmoja tu, wanaufungua kama fundi anavyofungua injini. Unasikia ngoma peke yake. Halafu gitaa la besi peke yake. Halafu sauti ya mwimbaji kabla haijapambwa, labda alijirekodi kwa simu usiku akiwa amekaa kitandani. Msanii anaeleza kwa nini aliweka hiki na kwa nini alitoa kile. Mwishoni kabisa ndipo wimbo mzima unachezwa, na haki ya Mungu unausikia kama hujawahi kuusikia.

Lakini kilichonigusa si hicho peke yake. Hirway ndiye anayeuliza maswali, na wakati wa kuhariri anayaondoa maswali yake. Ukisikiliza, baada ya utangulizi, ni kama msanii anaongea na wewe tu. Mwenye kipindi amejitoa katikati! Fikiria hapo. Ni nani kati yetu anaweza kuketi na mtu dakika ishirini bila kuingiza hadithi yake? Mtu anakuambia amefiwa, kabla hajamaliza sentensi wewe umeshaanza, "Hata mimi mwaka ule..." Sisi wahubiri ndio wagonjwa wakubwa wa ugonjwa huu. Tukipewa maikrofoni hairudi.

Hebu tuende 2 Wafalme 3. Wafalme watatu wako jangwani, wa Israeli, wa Yuda na wa Edomu. Wamezunguka siku saba, maji yameisha, jeshi na wanyama wanakaribia kufa. Wanamwendea Elisha. Na Elisha amekasirika. Anamwambia mfalme wa Israeli waziwazi kwamba kama si kwa sababu ya Yehoshafati hangemtazama hata. Huyu ni nabii, ana neno la kutoa, watu wana kiu. Si angetabiri tu papo hapo? Lakini anaagiza aletewe mpiga kinanda kwanza. Aya ya 15 inatuambia kwamba mpiga kinanda alipokuwa akipiga, ndipo mkono wa Bwana ukamjia. Angalia mpangilio huo. Nabii alinyamaza akasikiliza, halafu akasema. Na huyo mpigaji hata jina hatukupewa.

Kwa hivyo mtu asiniambie kusikiliza muziki kwa makini ni kupoteza wakati. Inategemea unasikiliza vipi.

Mtu ananiuliza, "Pasta, nitazipataje zilizo nzuri?" Usiiachie simu ikuchagulie. Ile mashine inayopendekeza haijui kinachokujenga, inajua tu kilichokushika jana. Anza na swali lako mwenyewe. Kuna wimbo umekuwa ukiupenda miaka kumi? Andika jina la mwimbaji pale pa kutafutia na uongeze neno podikasti. Sikiliza kipindi kizima kabla hujajiandikisha. Ukimaliza, jiulize kama umejifunza kitu unachoweza kumweleza mtu mwingine. Kama hakuna, achana nayo bila huruma. Wapiga vyombo wetu, tafuteni Strong Songs ya Kirk Hamilton, anaeleza wimbo taratibu kama mwalimu wa darasa, hata asiyejua nota anafuata. Na wale mnaopenda muziki wa Afrika, kuna Afropop Worldwide, ambayo ilianza kama kipindi cha redio huko Marekani mwaka 1988, ikisimuliwa na Georges Collinet, mzaliwa wa Kameruni. Siku hizi nayo unaipata kama podikasti.

Na onyo la Marko bado liko palepale, sijalifuta. Nyingine zina matusi, na programu nyingi huweka herufi E kando ya kipindi chenye lugha chafu. Itazame kabla hujafungulia watoto. Lakini pia kumbuka Paulo pale Athene, Matendo 17:28, aliwakumbusha Wayunani maneno ya washairi wao wenyewe. Aliyajuaje? Alikuwa ameyasikia, na aliyasikia kwa akili iliyo macho.

Nije kwa jambo ambalo limenisumbua.

Mwingereza mmoja, Andrew Hickey, alianza mwaka 2018 podikasti inayosimulia historia ya muziki wa roki kwa nyimbo 500. Mapema kabisa kwenye mfululizo huo kuna mwanamke anaitwa Sister Rosetta Tharpe. Wapendwa, huyu ni wa kwetu! Alizaliwa Cotton Plant, Arkansas, mwaka 1915. Mama yake alikuwa mwinjilisti wa Church of God in Christ, kanisa la Kipentekoste. Mtoto akapiga gitaa kanisani na kwenye mikutano ya injili tangu akiwa mdogo sana. Lile gitaa ambalo ulimwengu unaliita la roki, sehemu kubwa ya moto wake uliwashwa madhabahuni kwetu. Mwaka 1938 akaanza kurekodi, akaimba pia katika kumbi za starehe za New York, na watu wengi wa kanisa wakaudhika. Siwalaumu moja kwa moja. Ukumbi wa pombe ni ukumbi wa pombe. Lakini alipofariki mwaka 1973 alizikwa Philadelphia, na kaburi lake lilikaa bila jiwe la jina mpaka mwaka 2008. Miaka 35. Ulimwengu ukamwingiza kwenye jumba lao la heshima la roki mwaka 2018. Sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa tumeshajibu swali la nini, tukafunga faili.

Kuna mama wa kanisa hili alikuja ofisini mwezi uliopita akilia. Amenipa ruhusa niseme, bila jina. Kijana wake alimaliza kidato cha nne, hajapata kazi, na kanisani ameacha kuja. Kutwa nzima yuko chumbani na zile waya masikioni. Mama ameomba, amefunga, amekemea. Siku moja alizivuta zile waya kwa nguvu zikakatika, na tangu hapo kijana akawa anajibu neno moja tu: "Sawa." Mama akaniuliza kama tumfanyie maombi ya kufunguliwa.

Nikamuuliza, "Mama, anasikiliza nini?" Akasema, "Pasta, nitajuaje? Ni mambo ya dunia."

Tuliomba, ndiyo. Lakini nilimtuma pia na kazi. Nilimwambia amnunulie kijana waya nyingine, aingie pale chumbani, aketi, aombe kusikiliza kipindi kimoja pamoja naye mpaka mwisho, na asiseme neno. Hata "Haleluya" asiseme. Mama akaniambia hiyo ni ngumu kuliko kufunga siku tatu.

Aliifanya. Walisikiliza kipindi cha nusu saa, kwa Kiingereza cha haraka, na mengi hakuyashika. Kilikuwa juu ya namna ya kupanga sauti za waimbaji wa kwaya studioni. Mara mbili mdomo ulitaka kufunguka, anasema aliuma kitambaa. Kilipoisha kijana alikaa kimya, halafu akamwambia, "Mama, hii ndiyo kazi nataka kufanya." Wakaongea mpaka saa tano usiku. Ndipo mama akajua kwamba kijana aliacha kanisa siku alipoomba kusaidia kwenye mitambo, akafokewa mbele ya watu asiguse vyombo vya Mungu.

Kanisani bado hajarudi. Nimemtembelea mara mbili, na mara zote mbili niliongea kidogo. Ameniambia spika yetu ya upande wa kushoto ina tatizo, na kwamba ndiyo sababu wamama wanaokaa upande ule hawasikii mahubiri vizuri. Fundi tuliyemwita Alhamisi amesema vivyo hivyo.

Kwa hivyo Jumatano hii, baada ya maombi ya jioni, saa moja na nusu, tutaketi ukumbi mdogo, wazazi na vijana pamoja. Kila kijana alete kipindi kimoja anachokipenda, kisichozidi dakika kumi na tano, kikiwa kimepakuliwa tayari. Mzazi atasikiliza mpaka mwisho, kisha aulize swali moja. Mahubiri hayatakuwepo. Chai itakuwepo, na akina mama wa ukarimu wameomba kila mtu abebe kikombe chake.