Mke wa Mwanamke: Nini Maana ya Ndoa?

Baada ya sala ya Ijumaa hapa Kimuli alinijia ndugu mmoja aliyejiunga na dini si siku nyingi zilizopita. Alikuwa ametoka Tarime kwa shughuli za ng'ombe, na huko alipokewa vizuri katika mji wa bibi mzee mwenye mke. Naam, nimeandika sawasawa: bibi mwenye mke, aliyemtolea mahari ya ng'ombe mbele ya wazee. "Maalim," akaniuliza, "dini yasemaje juu ya watu wa jinsia moja kukaa nyumba moja na kuitana mume na mke? Nami nimekula ugali wao."

Juu ya ugali nilimtuliza upesi. Juu ya hilo jingine tulikaa hata Alasiri.

Yafaa ifahamike kwamba ndoa hiyo, ambayo Wakurya huiita nyumba ntobhu, si jambo la matamanio baina ya wanawake wawili. Bibi aliyefiwa na mume, au aliyezeeka bila kujaliwa mtoto wa kiume, humwoa binti. Binti huyo huzaa na mwanamume wa nje, na watoto huitwa kwa jina la nyumba ya bibi. Hivyo mji haufi wala ng'ombe hawaondoki. Kenya nako, kwa Wanandi na Wakamba, desturi ya namna hiyo ipo, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa ilimkubali mke wa bibi wa Kinandi aliyefariki kuwa mrithi wake. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 yatambua ndoa ya mwanamume na mwanamke tu. Hata ile dhana kwamba walioishi pamoja miaka 2 au zaidi, wakajulikana kuwa mume na mke, wahesabiwe wameoana, haiwafikii wanawake wawili. Mke wa nyumba ntobhu akifukuzwa hana pa kushika.

Wapo pia watu wa jinsia moja waishio pamoja kwa kupendana. Afrika Kusini sheria imewaruhusu kufunga ndoa tangu 2006. Kwetu wanaume watendao hivyo waweza kufungwa hata maisha. Nao wanapodai cheti cha ndoa, aghalabu wadai kurithiana, na kuruhusiwa kusimama kando ya kitanda cha mgonjwa kama jamaa. Uislamu haujui nikaha ila baina ya mwanamume na mwanamke, nami silifichi hilo. Lakini kumtukana jirani na kumrushia mawe sikukuona katika nguzo za dini.

Turudi Tarime. Sura Ar-Rum yafundisha kwamba wenzi waliumbwa ili mtu apate utulivu kwa mwenziwe, na baina yao yakawekwa mapenzi na huruma. Basi nikamwuliza ndugu yangu: binti yule aliulizwa? Mtume Mtukufu s.a.w. alikataza mwali kuozwa pasipo ridhaa yake. Ng'ombe walikwenda kwa nani? Kwa baba yake. Hali Sura An-Nisaa yaamuru mahari yatiwe mkononi mwa mwanamke mwenyewe. Na watoto waitwa kwa nani? Sura Al-Ahzab yataka waitwe kwa baba zao.

Akafurahi, akidhani hukumu imekwisha. Nikamwambia bado, kwani hatujauliza ni nani aliyemfikisha bibi mahali pale.

Kanuni za mila zilizoandikwa na Serikali mwaka 1963, kwa makabila yafuatayo ukoo wa baba, zilisema kwamba mjane hana fungu katika mali ya mumewe iwapo marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Asiye na mtoto atatunzwa na nani? Bibi yule hakuoa kwa anasa. Alitoa ng'ombe ili apate mjukuu wa kiume, maana bila huyo hana paa.

Wala tusiwacheke Wakurya. Sisi watu wa Kagera tuna vibanja vyetu. Kanuni hizohizo zilimruhusu binti ale matunda ya shamba la ukoo, lakini asiliuze, mpaka Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alipoamua mwaka 1990, katika kesi ya Wahaya, kwamba jambo hilo lapingana na Katiba. Zaidi ya karne 13 kabla yake Kurani Tukufu ilikwisha kumpa mjane robo ikiwa mume hakuacha mtoto, na thumni akiwa ameacha. Na bado Waislamu wangapi wa huku, baba akifa, huiweka Kurani rafuni na kuitisha baraza la ukoo?

Ndugu yule alinyamaza. Kisha akasema kwamba kaka yake alifariki mwezi uliopita, wazazi wao wakiwa wamekwisha tangulia, akaacha mjane na mabinti watatu. Ukoo umeitwa Jumamosi juu ya kibanja, na aliyetajwa kukipokea ni yeye. Akaomba nimwandikie mafungu. Tukahesabu: mjane thumni, mabinti watatu theluthi mbili, na yeye kinachobaki, yaani sehemu 5 katika 24. Akaitazama karatasi muda mrefu, akaikunja, akaitia mfukoni mwa kanzu.