Macho ya Mgeni na Kauli ya Mwenyeji

Katika maswali ambayo zama zetu zimetuletea mlangoni, liko moja ambalo laonekana dogo ilhali si dogo. Mtu aishiye ughaibuni, anapoichukua kamera na kuwaonyesha watu wa kwao nchi anamokaa, ana wajibu gani, na wajibu huo ni kwa nani? Siku hizi kamera imo ndani ya simu, na simu imo mkononi mwa karibu kila kijana. Vijana wetu walioko Tokyo, Guangzhou, Maskati na Dubai hutengeneza video za safari na kuzitia katika mtandao wa intaneti, na jioni ile ile watu wa Morogoro na Mombasa huwa wamekwisha kuzitazama. Aghalabu tunapozijadili huuliza kama ni za kweli. Swali hilo halitoshi. Video yaweza kuwa ya kweli katika kila picha yake, na bado ikampotosha mtazamaji kwa yale iliyoyaacha.

Kusimulia nchi za watu si jambo geni katika lugha yetu. Mwaka 1896 Salim bin Abakari alifuatana na bwana wake Mjerumani kupita Urusi hadi Siberia, kisha akaieleza safari yake kwa Kiswahili. Maelezo hayo yalichapishwa mwaka 1901 katika mkusanyiko wa Safari za Wasuaheli uliohaririwa na Carl Velten. Naye Amur bin Nasur wa Unguja alifundisha Kiswahili mjini Berlin katika miaka ya 1890, akaacha habari za maisha yake kwa maandishi. Asomaye habari za watu hawa ajua tangu neno la kwanza kwamba anamsikiliza mtu mmoja, mwenye asili yake, mapenzi yake na mshangao wake. Msimulizi husema "niliona." Kamera haisemi hivyo, kamera husema "tazama," na mtazamaji husahau kuwa upo mkono ulioishika, na kuwa mkono huo ulielekea huku kwa hiari yake, ukaacha kule.

Na tuichukue Japani iwe mfano wetu, maana ni nchi inayopigwa picha mno na wageni, na papo hapo ni nchi ambayo wenyeji wake wamejipiga picha wenyewe kwa ustadi usio na kifani. Video ya mgeni hutuonyesha treni ifikayo kwa dakika yake, mashine za kuuzia vinywaji katika pembe za njia, maua ya mcheri na Mlima Fuji wenye theluji kileleni. Yote haya yapo, hapana aliyezua. Lakini kodi ya chumba haionekani, wala kibarua cha usiku, wala siku ambazo mtengenezaji wa video hakusema na mtu hata mmoja kwa kuwa lugha ilimshinda. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Kijana aliyeko nyumbani huona chelezo tu, akaanza kuichukia kazi ya baba yake. Na ziko familia zilizouza shamba ili mtoto aifuate picha ya namna hiyo. Anapofika na kukuta mengine, humwonea haya hata huyo aliyemvuta, naye hutengeneza video yake mwenyewe, nzuri kama ile ya kwanza. Hivyo ukimya hurithiwa.

Huo ni wajibu kwa watu wa nyumbani. Uko na wajibu kwa wenyeji. Katika mji wa Fujikawaguchiko, chini ya Mlima Fuji, lipo duka moja la Lawson ambalo mlima huonekana kana kwamba umesimama juu ya paa lake. Wageni walijaa ng'ambo ya barabara kuipata picha hiyo. Walitupa taka, walivuka barabara ovyo, waliegesha magari yao katika uwanja wa tabibu wa meno aliyekuwa jirani. Mwezi Mei 2024 wenye mji walitundika wavu mweusi wenye urefu wa mita 20 na kimo cha mita 2.5 ili mlima usionekane kutoka hapo. Fikiri, ndugu msomaji, jinsi watu wanavyokuwa wamefika mwisho wa subira hata wakaamua kuuficha mlima wao wenyewe. Kabla ya hapo, siku ya mwisho ya mwaka 2017, Mmarekani mmoja alikuwa amewaonyesha watazamaji wake maiti ya mtu aliyejiua katika msitu wa Aokigahara, chini ya mlima huo huo. Hakusema uongo huyo. Maiti ilikuwapo. Basi kutosema uongo si kipimo cha kumtosha mtu mwenye kamera.

Kipimo kingine nakiona katika maisha ya Donald Richie. Mtu huyu alizaliwa Lima, katika jimbo la Ohio huko Marekani, mwaka 1924, akafika Japani wakati nchi hiyo ilipokaliwa na majeshi ya kwao baada ya vita, yeye akiwa karani wa kupiga taipu. Sinema za wenyeji zilikuwa zimekatazwa kwa watu wa majeshi hayo, naye akawa akijipenyeza humo kwa siri, akakaa gizani pamoja na Wajapani akitazama filamu ambazo hakufahamu hata neno lake moja. Kwa kuwa masikio hayakumsaidia, alilazimika kutazama. Mwaka 1959 alitoa, pamoja na Joseph Anderson, kitabu kikubwa juu ya filamu za Kijapani. Mwaka 1971 akatoa kitabu cha safari yake katika visiwa vya bahari ya ndani ya nchi hiyo, ambacho mwaka 1991 kilifanywa filamu, sauti ya msimulizi ikiwa yake mwenyewe. Na mwaka 1974 akatoa kitabu juu ya mwelekezi Yasujiro Ozu. Alifariki Tokyo mwaka 2013. Alifanya basi kazi zote mbili, kusimulia safari na kupendekeza filamu za wenyeji, na naona kazi ya pili ndiyo iliyoitakasa ile ya kwanza. Asemaye "nendeni mkamsikilize Ozu" amekiri kwamba mwenyeji anacho kinywa, na kwamba jicho lake yeye mgeni lina mpaka.

Kwa nini Ozu? Katika filamu yake ya mwaka 1953, Hadithi ya Tokyo, wazee wawili wa mji wa Onomichi, ulioko kando ya bahari hiyo hiyo ya ndani, wanasafiri kwenda Tokyo kuwatazama watoto wao. Mtoto mmoja ni daktari, mwingine ana duka la kutengenezea nywele. Wote wana shughuli. Matembezi yaliyopangwa yavunjika kwa ajili ya mgonjwa. Mwishowe anayejitolea ni Noriko, mjane wa mtoto wao aliyepotelea vitani. Anaomba ruhusa kazini, anawapandisha wakwe zake katika basi la watalii. Mtembezaji anataja majengo, abiria wanageuza vichwa kulia na kushoto kwa pamoja, basi linawatikisa. Tazama, hiyo ndiyo video ya safari! Ozu ameiweka ndani ya filamu yake miaka mingi kabla ya kamera za simu, wala haicheki wala haitukani. Anaiacha ipite upesi. Kisha Noriko anawapeleka wazee hao katika chumba chake kimoja, hana cha kuwakirimu, anabisha hodi kwa jirani na kuazima pombe ya mchele na vyombo vya kunywea. Hapo ndipo kamera inapotua. Imewekwa chini, karibu na sakafu, kwa watu walioketi mkekani.

Mwalimu akiweza kuwaonyesha wanafunzi wake sehemu hiyo, hana haja ya maelezo mengi. Mswahili aliyepata kutuma mtoto kwa jirani kuazima sukari kwa kuwa mgeni amebisha hodi atajiona mwenyewe. Na hapo yule kijana aliyeidhani Japani kuwa ni nchi ya treni tu atakutana na jambo ambalo video haikumwambia: kwamba katika nchi hiyo pia wazazi huzeeka, na watoto wasio wabaya huwaona kuwa ni mzigo.

Kadhalika filamu ya Akira Kurosawa ya mwaka 1952, iitwayo Ikiru, yaani Kuishi. Mkuu wa idara katika ofisi ya mji, Watanabe, aliyechezwa na Takashi Shimura, amekaa miaka kama 30 akigonga mihuri, kisha agundua kuwa ana saratani ya tumbo. Kina mama wa mtaa mmoja walikwisha kuja kuomba dimbwi la maji machafu lifukiwe, wakazungushwa ofisi baada ya ofisi hadi wakarudishwa walikoanzia. Watanabe atumia miezi iliyobaki kulifanya dimbwi hilo uwanja wa watoto kuchezea. Katika matanga yake maofisa wenzake wanalia, wanalewa na kuapa kubadilika. Kesho yake wako mezani pao kama jana. Sisi tuliokula mshahara wa serikali kwa miaka mingi hatuitazami filamu hii kwa raha, wala haikukusudiwa tuitazame kwa raha. Mgeni gani angeweza kulipata jambo hilo kwa kupita njiani na kamera? Na kama angelipata, angekuwa na haki gani ya kulisema? Kurosawa ana haki hiyo kwa kuwa anawasema watu wake.

Lakini nisieleweke kwamba kupendekeza hakuna hatari. Mwaka 1951 filamu ya Rashomon ilipata Simba wa Dhahabu katika tamasha la Venice. Aliyeipendekeza ni mwanamke wa Kiitalia aliyekuwa akikaa Japani, Giuliana Stramigioli, mwalimu na mwakilishi wa filamu za kwao. Kampuni ya Daiei iliyoitengeneza haikuwa na matumaini nayo, na Kurosawa mwenyewe hakuwa na habari kwamba imepelekwa. Neno la mgeni mmoja lilifungua mlango mkubwa. Ila mlango huo ulikuwa na umbo. Kwa kuwa kilichosifiwa ni hadithi ya kale yenye panga na lango lililobomoka, kampuni zilifahamu upesi ni kitu gani cha kuwatengenezea watu wa nje. Na Daiei hiyo hiyo ilipata tuzo kuu ya Cannes mwaka 1954 kwa hadithi nyingine ya kale. Ozu alibaki nyumbani, akidhaniwa kuwa ni Mjapani mno hata wageni wasimwelewe. Hadithi ya Tokyo ilingoja hadi 1958 ndipo Taasisi ya Filamu ya Uingereza ikaitunza. Kwa hiyo apendekezaye ageni tupu humfunza mwenyeji kujifanya kioja, naye mwenyeji, kwa kuwa anataka kula, hukubali.

Sisi tunalijua hilo kwa upande wa pili. Filamu ya Kimarekani iitwayo Hatari!, iliyotolewa mwaka 1962, ilipigwa Tanganyika katika siku ambazo nchi ilikuwa ikielekea kwenye uhuru wake wa Desemba 1961. Jina lake limetoka katika lugha yetu. Faru wamo, twiga wamo, vumbi la Arusha limo. Wenyeji nao wamo, wakikimbia nyuma ya magari. Asiyejua angeweza kudhani kwamba nchi hiyo haikuwa na jambo lolote la kujadili mwaka huo ila namna ya kumkamata faru.

Narudi kwa kijana wetu aliyeko Tokyo, maana ndiye niliyemkusudia. Simwambii aitupe kamera yake. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Naye amekwisha kushika jembe, anafanya kazi, analipa kodi, anapanga foleni pamoja na wenyeji. Basi atuonyeshe jembe hilo pia. Atuonyeshe chumba chake na bei yake. Aombe ruhusa kabla ya kumpiga picha mtu mzima mwenye heshima zake anayekula chakula chake. Na video moja katika kila nne au tano aitumie kutuambia ni filamu gani ya Kijapani ameitazama, ameielewaje, na wapi haikumwelea. Kwetu filamu za kigeni zimepita katika vibanda umiza, zikafasiriwa na wasimulizi hodari wanaoingilia maneno ya mchezaji kwa Kiswahili na kuongeza mizaha yao wenyewe. Wamesimulia ngumi na mateke kwa miaka mingi. Sioni kwa nini wazee wa Onomichi wasisimuliwe vivyo hivyo. Pale mkwe anapobisha hodi kwa jirani, msimulizi wa Tandale hatakosa la kusema.

Na wako Wajapani wanaoishi kwetu, nao wana kamera. Wengine hupiga picha milango ya Mji Mkongwe, Unguja, na hakika milango hiyo yastahili. Ningefurahi kama mmoja wao, akimaliza milango, angewaambia watu wa kwao waitafute Vuta N'Kuvute, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, waone watu wa mji huo walivyopendana na kupigania nchi yao katika miaka ya 1950, ndani ya nyumba zenye milango hiyo hiyo.