Kumaliza Mwendo: Uvumilivu au Ukaidi?

Soma kwa ajili ya somo hili: 1 Wafalme 19:1–8, 1 Wakorintho 6:19, 20, 9:24–27, Wagalatia 6:2, 5, Waebrania 12:1, 2.

Jumapili, tarehe 20 Oktoba 1968, giza lilikuwa limekwisha kuingia katika Jiji la Mexico wakati mkimbiaji wa mwisho wa marathoni ya Olimpiki alipoingia uwanjani. Watazamaji wengi walikuwa wamekwenda zao. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amemaliza zaidi ya saa moja kabla. Huyu wa mwisho alikuwa John Stephen Akhwari wa Tanzania, mzaliwa wa Mbulu. Mguu wake ulikuwa umefungwa bendeji. Alichechemea, akatembea, akakimbia tena kidogo, hata akavuka mstari. Walimaliza wakimbiaji 57, naye akawa wa 57. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile ili aanze mbio, bali ili azimalize.

Jiji la Mexico liko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Morogoro anaweza kulipima jambo hili kwa miguu yake mwenyewe. Akipanda kutoka mjini hadi kilele cha Bondwa, pumzi humwisha mapema. Na kilele hicho bado kiko chini kuliko jiji lile. Akhwari alishikwa na misuli, kisha katika msukumano wa wakimbiaji akaanguka, akaumia goti na bega. Hata hivyo aliinuka.

Kisa hiki huhubiriwa mara nyingi, na ni haki kihubiriwe. Lakini katika mbio zile zile alikuwamo mtu mwingine. Abebe Bikila wa Ethiopia alikuwa ameshinda marathoni ya Olimpiki mara mbili mfululizo, Roma mwaka 1960 na Tokyo mwaka 1964. Siku ile aliacha mbio kabla ya kufika nusu ya safari, kwa sababu ya maumivu ya mguu. Je, Bikila alikosa moyo? Mwaka 1969 alipata ajali ya gari iliyompooza miguu. Na mwaka 1970 alishiriki mashindano ya kulenga mishale huko Uingereza, akiwa katika kiti cha magurudumu. Mtu wa namna hii hawezi kuitwa mwoga.

Basi swali ni hili: ni wakati gani kuendelea ni uvumilivu, na ni wakati gani ni ukaidi?

Swali hili si la wanamichezo peke yao. Yuko mshiriki mwenye kisukari anayeacha dawa katikati ya mfungo, akidhani kumeza kidonge ni kupungukiwa imani. Yuko shemasi anayeficha maumivu ya kifua mpaka makambi yaishe. Yuko mama anayeuguza mgonjwa miezi mingi bila kulala, naye huambiwa tu, “Jikaze, dada, Bwana atakutia nguvu.” Wote hawa husifiwa kwa uvumilivu, na baadhi yao huzikwa wakisifiwa.

Paulo anaeleza kwamba mshindanaji hujizuia katika mambo yote, naye mwenyewe huutiisha mwili wake na kuufanya mtumwa. Lakini katika waraka huo huo amekwisha kusema kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, na kwamba sisi si mali yetu wenyewe. Maneno haya mawili hayapingani. Mwili hautiishwi kwa kuharibiwa. Hutiishwa ili ufae kwa kazi ya mwenye nao. Kula kwa kiasi, kulala mapema, kufanya mazoezi, kuacha pombe na tumbaku, yote ni utunzaji wa mali ya mwingine. Mtu anayejivunia kuuchosha mwili wake hadi uvunjike amesahau ni wa nani.

Mtazame Eliya. Baada ya ushindi wa Karmeli alikimbia jangwani, akalala chini ya mti, akaomba afe. Mungu hakumkemea kwa udhaifu. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akampa chakula mara ya pili, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Ndipo nabii akatembea siku arobaini hadi Horebu. Usingizi na chakula vilikuwa sehemu ya safari. Ndivyo ilivyo Sabato pia: Mungu ameweka kupumzika ndani ya amri, ili asiwepo anayedhani kwamba dunia inasimama juu ya mabega yake.

Alfajiri, katika njia zinazoshuka kutoka vijiji vya Uluguru, akina mama huteremka kwenda sokoni Morogoro na mizigo ya ndizi na mboga juu ya ngata. Njia ni ya mteremko mkali, na wakati wa masika huteleza. Mzigo ukiwa mzito sana, mtu hawezi kuuinua peke yake. Humwita mwenzake amtwike. Akichoka hutua, hupumua, kisha hutwikwa tena. Hakuna anayemcheka aliyetua. Wagalatia 6 inasema tuchukuliane mizigo, kisha inasema kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Katika njia ile maneno yote mawili ni kweli: mzigo ni wa mmoja, lakini kutwikana ni kwa wote.

Sasa mrudie Akhwari. Alikubali kufungwa bendeji. Alikubali kutembea pale alipokuwa amekusudia kukimbia. Alikubali kuwa wa mwisho. Mkaidi hukataa mambo haya matatu: hataki kutibiwa, hataki kupunguza mwendo, hataki kuonekana ameshindwa. Tena Akhwari alimkumbuka aliyemtuma, wala hakuzungumzia sifa yake. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, alikuwa wa tano katika marathoni. Mguu uliotibiwa ulikimbia tena.

Kwa hiyo anayeacha dawa asiseme anamwiga Akhwari. Mfano wa Akhwari ungempeleka zahanati, kisha ungemrudisha njiani. Na anayelazimika kuacha kazi fulani ya kanisa kwa sababu mwili umekataa asijihesabu ameacha imani. Mbio tulizowekewa mbele yetu ni za kumtazama Yesu, na mtu anaweza kumtazama akiwa amelala kitandani.

Maswali ya kujadili:

1. Utatambuaje kwamba unaendelea kwa ajili ya Aliyekutuma, wala si kwa kuogopa kuonekana dhaifu?

2. Ni nani katika darasa lenu amebeba mzigo mzito na hajapata wa kumtwika? Ninyi mtafanya nini juma hili?

3. Je, kanisa lenu humheshimu anayetua mzigo ili apumue, kama linavyomheshimu anayeendelea? Kwa nini?