Ulilifanyia Nini?

Injini ya gari jipya ikifa kabla ya wakati wake, swali la kwanza kwenye kaunta ya sevisi huwa ni hili: ulilifanyia nini? Hakuna anayeanza kwa kuuliza, tulikuuzia nini? Maswali haya mawili yanafanana kama ndugu, lakini kila moja linampandisha mtu tofauti kizimbani. Nafikiri ugomvi wote wa waranti umejificha hapo, katika nani anatangulia kushukiwa.

Shemeji yangu alinunua pikapu mpya kabisa, karatasi za nailoni bado ziko kwenye viti. Si ile ya kutoka Japani ya miaka saba, ambayo ukiinunua unajua umenunua na dhambi za mtu mwingine. Hii aliichukulia mkopo wa benki, shilingi 58,000 kila mwezi kwa miaka minne, ili abebe nyanya kutoka Mwea hadi soko la Wakulima. Waranti ilikuwa ya miaka mitatu au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Ilipofika kilomita 43,000, karibu na Makutano, injini ikaanza kugonga, ko-ko-ko, kama kuna mtu ndani anataka kufunguliwa. Halafu ikanyamaza.

Baada ya wiki tatu alipewa ripoti ya ukurasa mmoja. Beringi za krankshafti zimelika. Oili ni chafu. Sevisi ya kilomita 30,000 ilichelewa kwa kilomita 1,400. Madai yamekataliwa. Injini nyingine ni shilingi 720,000, kazi ya fundi haijahesabiwa.

Kuchelewa alichelewa, risiti inasema hivyo na hajawahi kubisha. Lakini kama kilomita 1,400 zinatosha kuua injini, basi hakuna matatu ingekuwa inafika Githurai.

Tuelewane kidogo kuhusu hizo beringi, maana hoja yangu imesimama juu yake. Krankshafti ni ule mhimili unaopokea nguvu ya pistoni na kuuzungusha mwendo hadi kwenye magurudumu. Haugusani na beringi zake chuma kwa chuma. Katikati kuna utando mwembamba wa oili, mwembamba kuliko unywele, na pampu ndiyo inayousukuma utando huo usikatike. Oili ikiwa nzee na nzito kama uji, njia zinaziba na utando unakatika. Lakini pia kiwandani wakati wa kuchonga krankshafti, vijichuma vikibaki ndani bila kusafishwa vizuri, njia zilezile zinaziba na utando uleule unakatika. Sababu mbili, maiti moja. Kuzitofautisha kunahitaji mtu aifungue injini kwa utaratibu, achunguze kila kipande, ikibidi apeleke maabara. Na injini imelala kwenye yadi ya nani? Ya mshtakiwa wa pili, yule ambaye hakuna aliyemshtaki.

Si kwamba nawaza njama. Imeshatokea. Mwaka 2015 Hyundai iliitisha magari karibu 470,000 Marekani, aina ya Sonata ya mwaka 2011 na 2012, kwa sababu ya vijichuma vilivyobaki kwenye injini zilizotengenezwa Alabama. Mwaka 2017 wakaongeza magari mengine, na Kia, kampuni dada, ikawa ndani. Mhandisi wa Hyundai, Kim Gwang-ho, alikuwa amesafiri hadi Washington mwaka 2016 kuwaambia wasimamizi wa usalama barabarani kwamba kampuni yake haishughulikii tatizo hilo inavyotakiwa. Akafutwa kazi. Mwaka 2020 kampuni hizo mbili zilikubali adhabu ya jumla ya dola milioni 210 kwa kuchelewa kuitisha magari na kutoa taarifa zisizo sahihi, na mwaka 2021 Kim akatuzwa zaidi ya dola milioni 24. Hatimaye walalamikaji walipata waranti ya maisha kwa sehemu hiyo ya injini.

Kinachonikera katika kisa hicho si kosa la kiwandani. Chuma kinachongwa na watu na watu hukosea. Kinachonikera ni ile miaka ya katikati, wenye magari wakilalamika kwamba wanadaiwa risiti za oili, huku ndani ya kampuni kuna mtu mwenye makaratasi yanayoeleza shida iko wapi. Fikiria wewe ndiye umesimama kaunta siku hiyo, unapekua droo ukitafuta risiti ya miaka mitatu iliyopita, unaanza kujishuku mwenyewe.

Sasa upande wa pili. Wateja nao si malaika. Nimepanda teksi za app ambazo taa ya oili inawaka nyekundu na dereva ameibandikia stika. Oili feki imejaa mjini, na odomita inarudishwa nyuma mchana kweupe. Kampuni ikilipia uzembe wa kila mtu, bei inapanda, na anayeumia ni yule aliyetunza gari lake. Kwa hiyo sisemi mteja aaminiwe tu kwa sababu ni mnyonge. Mnyonge pia anaweza kudanganya.

Ninachouliza ni hiki: pale ambapo hakuna anayejua kwa hakika, shaka ikae kwa nani? Mimi nasema ikae kwa yule aliyekuwa na nafasi ya kujua. Kampuni inajua injini hiyo imefia wangapi, kutoka kundi lipi la kiwandani, katika kilomita ngapi. Shemeji anajua gari moja. Ukimwambia athibitishe kwamba kosa si lake, umemtaka alete ushahidi ambao funguo zake unazo wewe.

Hata neno lenyewe linakataa. Kiswahili cha waranti ni dhamana, neno lilelile la mahakamani. Mtu akikudhamini, anaweka hati ya shamba au logibuku mezani, na ukitoroka ni yeye anayepoteza. Hiyo ndiyo maana ya kudhamini, kubeba hasara ambayo pengine si kosa lako, kwa sababu ulisema utaibeba. Mdhamini anayekutaka kwanza uthibitishe huna hatia ni mwendesha mashtaka aliyevaa koti la mdhamini.

Sheria zetu, kwenye karatasi, haziko mbali na hapo. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa za ubora unaoridhisha. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012, na Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza kesi hadi shilingi milioni moja na inatakiwa imalize ndani ya siku 60. Shilingi 720,000 zinaingia hapo vizuri. Nilimwambia shemeji twende.

Kabla hatujaenda, simu ikaja. Kampuni imeamua, kwa nia njema, kumpunguzia asilimia 40. Nia njema! Hapo ndipo nilipokasirika kuliko siku ya ripoti. Hisani haina deni. Ukinipa hisani ni lazima nikushukuru, na kesho ukininyima siwezi kukulaumu. Kama huna wajibu wowote, mbona unalipa karibu laki tatu? Na kama unao, mbona unaniita nije nipokee zawadi? Waliichukua haki yake, wakaikata nusu, wakaifunga ribini.

Nilimwambia asisaini. Alinitazama tu, akasema, "Shem, benki haijui hiyo falsafa yako. Tarehe tano ni tarehe tano. Na nyanya zinaoza."

Sina jibu kwa hilo. Siku 60 ni haraka kwa mahakama, lakini kwa mtu anayekodi pikapu ya wenzake kila asubuhi ili asipoteze wateja Wakulima, ni malipo mawili ya mkopo kwa gari lisilotembea. Kampuni inaweza kungoja. Sidhani sahihi inayowekwa katika hali hiyo ni kukubali. Ni kuchoka, na anayeipokea anajua ni kuchoka.

Alisaini Ijumaa. Masharti yalikuwa matatu: hatadai tena kuhusu injini hiyo, hataeleza mtu kiwango alichopunguziwa, na injini ya zamani, pamoja na beringi zake, inabaki kwao.