Je, Anayeteseka Analipa Deni Lake?



Nilipokuwa kijana, wakati wa likizo ya masomo, nilifanya kazi kwa Mhindi mmoja mwenye duka, pale Bukavu. Mzee yule hakula nyama, wala samaki, wala yai. Hata viazi na vitunguu alivikataa, kwani anayevichimba huua vijidudu vilivyomo udongoni. Jua likizama, alikuwa amekwisha kula. Siku moja nilimwuliza: "Mzee, nyama imekukosea nini?" Akacheka, akajibu: "Kijana wangu, nikiua kiumbe, tendo lile litanifuata." Lakini kila saa sita alinipa franka za kununulia ndakala zangu. Alinitaka tu nizile nje.

Mzee yule alikuwa Mjaini. Dini yake ilitokea Uhindi, na mwalimu wao mkubwa ni Mahavira, aliyeishi zamani sana, yapata miaka 2,500 iliyopita. Neno lao "karma" maana yake ni tendo. Wahindu, Wabuddha na Wajaini wote wanalo, lakini hawalielezi namna moja. Wajaini husema karma ni kama vumbi laini linaloishika roho na kuielemea. Buddha alifundisha kwamba nia ya moyo ndiyo inayolipa tendo uzito wake. Wote husema kwamba matendo ya maisha haya huzaa matunda hata katika maisha mengine yatakayofuata.

Sisi Wakristu hatuamini kwamba mtu huzaliwa tena na tena hapa duniani. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965, ulitukataza kudharau yaliyo kweli na matakatifu katika dini hizo. Basi tutafute: ukweli uko wapi, na hatari iko wapi?

Ukweli ni huu: tendo haliendi bure. Mlevi huharibu nyumba yake, na mwongo hukosa rafiki. Mtakatifu Paulo naye aliwafundisha Wagalata habari za kupanda na kuvuna.

Hatari ni kuigeuza njia ile na kuifuata kinyumenyume. Tukiona tendo baya, twaweza kuonya juu ya tunda lake. Lakini tukiona machozi ya mtu, hatuwezi kusema: "Huyu alipanda kitu fulani." Njia hiyo Mungu peke yake anaiona.

Hata watu wakubwa wamejikwaa hapo. Tarehe 15 Januari 1934 tetemeko la ardhi liliua watu zaidi ya 10,000 katika Bihar na Nepal. Gandhi, aliyependa maskini kweli, alisema kwamba ni adhabu ya Mungu kwa dhambi ya kuwatenga watu wa tabaka la chini. Mshairi Tagore, rafiki yake, alimpinga wazi: nyumba za wasio na kosa zilianguka pia. Gandhi hakubadili neno lake, lakini aliyachapa maneno ya Tagore katika gazeti lake mwenyewe, na urafiki wao haukufa. Hapo kila mtu ajifunze namna ya kupingana na ndugu yake. Na juu ya swali lenyewe, Bwana Yezu alikwisha kujibu. Watu 18 walipoangukiwa na mnara wa Siloamu, alikana kwamba walikuwa na hatia kuliko jirani zao.

Habari ya chakula nayo ni hivyo hivyo. Kujinyima nyama kwa ajili ya huruma ni jambo zuri. Mjini Delhi Wajaini wana hospitali ya ndege, na wagonjwa wake hawalipi kitu. Lakini mwaka 2015, katika kijiji kimoja karibu na Dadri, kundi la watu lilimvamia Mwislamu mmoja nyumbani mwake na kumpiga mpaka akafa, kwa uvumi kwamba amechinja na kula ng'ombe. Tazameni: katazo lililowekwa ili damu isimwagike lilifanywa sababu ya kumwaga damu ya mtu! Mtakatifu Paulo aliwaonya Warumi juu ya neno hili: anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula. Sisi tunaojinyima nyama siku ya Ijumaa, tusijidhani kuwa mbali na kosa hilo.

Nami niungame langu. Miaka michache iliyopita jirani yetu mmoja alifiwa na mtoto wake wa pili. Yeye na mumewe hawakuwa wamefunga ndoa kanisani. Pale matangani, mimi katekista, nilisema mbele ya watu kwamba apandaye ukaidi huvuna machozi. Mama yule alisikia. Mtoto alikufa kwa malaria, na mbu hakuwauliza wazazi wake habari za ndoa. Tangu siku ile mama hakunywa tena maji nyumbani kwetu. Mke wangu ndiye aliyenifungua macho: "Baba Yosefu, mtoto yule wewe ulimzika mara ya pili." Nikaenda kuomba msamaha. Mama alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema: "Nimesikia." Hakuongeza neno. Mpaka leo ninangojea, na ni haki yangu kungojea.

Siku nyingi humkumbuka mzee wa Bukavu. Hakulegeza sharti la sahani yake, wala hakuiwekea sahani yangu sharti hilo. Tuishi hivyo na hesabu ya matendo pia. Jioni, kila mmoja ajiulize: "Leo nimepanda nini?" Lakini akifika kwa jirani anayelia, asiulize alichopanda. Aketi naye, amchotee maji, awashe moto, apike bugali. Hiyo ndiyo kazi tuliyopewa. Hukumu si kazi yetu.